Programu za Adhana Kwenye Simu: Bure Yake Inalipwa na Nani?



Ndugu zangu wazazi na vijana wa madrasa, kila Ramadhani inapokaribia kuna swali ninaloulizwa kuliko yote, na wala halihusu nia ya funga au zakatul fitri. Nasimamishwa njiani hapa Buyenzi, wengine wanapiga simu, na swali ni lile lile: "Maalim, niweke programu gani ya adhana kwenye simu?" Wanaouliza zaidi ni akina mama, maana wao ndio wa kwanza kuamka kuandaa daku, na wanataka kitu kitakachowaamsha kwa wakati. Jibu langu haliwezi kutoshea kwenye mazungumzo ya njiani, ndiyo maana nimeona niliandike.

Niseme mapema kwamba mimi si adui wa simu. Wako masheikh wetu wakubwa wanaoona kila kilichomo ndani ya simu ni fitna, nami nawaheshimu sana, lakini nafundisha vijana ambao nusu ya usomaji wao wa Qur'an siku hizi wanaufanya kwenye kioo. Mtoto anasikiliza qari, anarudia aya mara ishirini, na mwalimu hachoki wala hachapi. Hiyo ni neema. Tatizo langu liko kwenye neno moja ambalo linatamkwa haraka sana: bure.

Tuanze na habari yenyewe, kwa sababu wengi waliisikia nusu. Tarehe 16 Novemba 2020, mwandishi Joseph Cox alichapisha katika Motherboard, ukurasa wa teknolojia wa Vice, uchunguzi kuhusu jinsi jeshi la Marekani lilivyokuwa likinunua habari za mahali watu walipo, kutoka kwenye programu za kawaida za simu. Kubwa lililowagusa Waislamu ni kwamba mojawapo ya programu hizo ilikuwa Muslim Pro, ambayo wakati huo ilijitangaza kuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani. Muslim Pro haikuwa ikipeleka chochote jeshini moja kwa moja. Ndani yake kulikuwa na kipande kidogo cha programu cha kampuni nyingine, X-Mode, na kipande hicho ndicho kilichokuwa kikituma mahali simu ilipo, saa ngapi, ni simu ya aina gani, na hata jina la mtandao wa Wi-Fi iliyounganishwa nao. X-Mode ikakusanya, ikauza, na miongoni mwa wateja wake wakawemo makandarasi wa jeshi.

Hawa X-Mode ni madalali. Sisi tunaijua kazi ya udalali: dalali wa nyumba, dalali wa magari. Huyu ni dalali wa nyayo. Na bei yake ilikuwa wazi. Kwa mujibu wa uchunguzi ule, tovuti ya X-Mode yenyewe iliwaahidi watengenezaji wa programu dola 1,500 kwa mwezi kama wana watumiaji 50,000 wa kila siku walioko Marekani. Nimewapa wanafunzi wangu hesabu hiyo kama zoezi. Gawanya mwenyewe: ni senti 3 za dola kwa mtu mmoja kwa mwezi mzima. Muislamu ameamka alfajiri, ametia udhu, amesimama mbele ya Mola wake, na nyayo zake za siku thelathini kwenda na kurudi msikitini zimeuzwa kwa bei isiyofika ya pipi moja. Na hiyo ni bei ya mtu wa Marekani. Sisi wa Buyenzi hatukutajwa hata kwenye orodha.

Haki inataka tuseme na upande wa pili. Sura ya al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Muslim Pro walikanusha kwamba waliliuzia jeshi habari binafsi za watu, na siku zile zile wakatangaza kuvunja uhusiano na X-Mode na washirika wengine wa data. Mwezi uliofuata, Desemba 2020, Apple na Google waliwaamuru watengenezaji wa programu wakiondoe kipande cha X-Mode. Kwa hiyo anayekwambia leo kwamba programu ile bado inafanya kazi na X-Mode anakupa habari iliyokwisha. Na ule ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, eti ukifungua programu ya adhana kuna mtu anasikiliza dua zako, haukuwa na msingi. Habari ya kweli ilitosha. Haikuhitaji kutiwa chumvi.

Lakini pia asikudanganye mtu kwamba lilikuwa jambo la mara moja. Januari 2021 Motherboard hiyo hiyo ilionyesha kwamba programu nyingine ya nyakati za swala, Salaat First, ilikuwa ikipeleka mahali watumiaji wake walipo kwa kampuni ya Ufaransa iitwayo Predicio. Aprili 2022 zikatoka habari kwamba Google imeziondoa programu kadhaa dukani kwake, kwa sababu watafiti wawili, Serge Egelman na Joel Reardon, waligundua ndani yake kipande kilichokuwa kikikusanya habari za watu kwa siri, cha kampuni iliyosajiliwa Panama. Katika hizo kulikuwa na ya adhana, Al-Moazin Lite, iliyopakuliwa zaidi ya mara milioni 10, na nyingine ya kuonyesha kibla. Google ilisema zingeruhusiwa kurudi zikikitoa kipande hicho. Na Januari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani iliifungia X-Mode, ambayo ilikuwa imeshabadili jina na kuitwa Outlogic, isiuze tena habari za watu waliotembelea mahali nyeti, zikiwemo hospitali na nyumba za ibada. Yaani miaka zaidi ya mitatu baada ya uchunguzi ule, wenyewe huko huko wamekubali kwamba kujua nani anaingia msikitini si bidhaa ya kuuzwa ovyo.

Nilipowasomea darasa la wakubwa habari hizi, msichana mmoja wa miaka kumi na sita aliinua mkono akauliza swali ambalo limenikaa kichwani mpaka leo. "Maalim, tunawasema walionunua. Aliyeuza je?"

Darasa likanyamaza. Hilo ndilo swali, ndugu zangu. Kwamba dola kubwa inataka kujua Waislamu wako wapi, hilo halimshangazi mtu aliyesoma magazeti katika miaka hii yote. Wanaotutengenezea vifaa vya ibada, wenye kuandika jina la Uislamu mlangoni mwa duka lao, wao wana deni gani kwetu?

Tuliliangalia kwa kanuni za biashara ambazo vijana hawa wameshazisoma. Sura ya an-Nisaa, aya ya 29, imeweka sharti la kuridhiana katika biashara. Watetezi watasema: ridhaa ipo, kwani ulipoweka programu ulibonyeza "Nakubali". Nawauliza: ulikubali nini? Maandishi yale ni kurasa na kurasa za Kiingereza cha mawakili, yakifunguliwa na mama anayesoma Kiswahili na Kirundi, saa kumi ya usiku, na kitufe cha kukataa hakionekani. Mafakihi wetu wamezungumza kwa urefu juu ya gharar, biashara ambayo mmoja wa wenye kuuziana hajui anatoa nini na anapata nini. Wamezungumza pia juu ya muuzaji anayeficha aibu ya bidhaa. Mtu akikuuzia mbuzi na hakukwambia kwamba ni mgonjwa, unayo haki ya kumrudisha. Hapa mbuzi ni wa bure, umefurahi, kumbe kila usiku anatoka kwenda kumwambia jirani umelala chumba gani. Kwa maoni yangu, na mimi si mufti, ridhaa ya namna hiyo si ridhaa. Wenye elimu zaidi wanisahihishe.

Na ile aya ya 12 ya al-Hujurat inayokataza kupelelezana, watu wengi huisoma wakamfikiria jirani mwenye udaku dirishani. Yafaa tuisome na simu ikiwa mkononi.

Nimekutana na jibu la pili, nalo linatoka kwa wanaume hasa: "Maalim, mimi sina cha kuficha. Wakijua naenda msikitini, wajue tu, labda na wao watasilimu." Tunacheka, na mimi nacheka. Lakini kisha huwa nawakumbusha wenzangu wa rika langu. Sisi watu wa Burundi hatuhitaji kuelezwa na Mmarekani maana ya mtu usiyemjua kujua unalala wapi. Waliokuwa na akili mwaka 1993, na waliokuwepo Bujumbura mwaka 2015, wanajua kwamba kulikuwa na nyakati ambapo swali la "leo utalala wapi?" halikuulizwa kwa sauti, hata na mama kwa mwanawe. Hukuwa na cha kuficha. Ulikuwa na mlango tu, na ulitaka ubaki wako. Allah atuepushe na nyakati hizo zisirudi. Ila orodha ikishaandikwa haina haya. Anayeinunua leo siye atakayekuwa nayo kesho, na habari iliyotoka kwenye simu mwaka huu haiozi kama embe.

Basi tufanye nini? Hapa ndipo elimu yetu ya zamani inapotusaidia kuliko tunavyodhani, na ndipo ninapopenda kukaa kwa muda.

Programu inapokuomba ruhusa ya kujua mahali ulipo, inasema inahitaji ili ikupe nyakati sahihi. Ni kweli inahitaji kujua uko wapi. Lakini kwa kiasi gani? Nyakati za swala zinafuata jua, na jua huchukua dakika 4 kupita digrii moja ya longitudo. Kwa sisi tulio karibu na ikweta, digrii moja ni kama kilomita 111. Fanya hesabu: ili wakati wa adhuhuri usogee kwa dakika moja tu, inabidi usafiri kilomita 28 hivi kwenda mashariki au magharibi. Kutoka Bujumbura hadi Gitega, safari ya kupanda milima yote ile, tofauti ni kama dakika mbili. Sasa niambie, programu inataka kujua umesimama upande gani wa barabara kwa sababu gani? Swala yako inahitaji mji. Mlango wa nyumba yako unahitajiwa na dalali.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa akina mama ni hili: weka programu unayoipenda, lakini ikikuomba ruhusa ya mahali, kataa, kisha uingie kwenye mipangilio uchague mji kwa mkono: Bujumbura, au Kigoma, au Kigali, popote ulipo. Programu nyingi nzuri zinakubali. Isiyokubali kabisa kufanya kazi mpaka ijue ulipo kwa mita, hiyo imejieleza yenyewe, iondoe. Kama unasafiri sana na unataka ijitafutie yenyewe, simu za Android kuanzia toleo la 12, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, zinakuruhusu kutoa mahali pa kukadiria badala ya mahali hasa. Makadirio hayo yanatosha na yanabaki. Na kwenye simu za Android, ndani ya mipangilio ya matangazo, kuna namba ya matangazo ambayo madalali huitumia kuunganisha habari za programu moja na nyingine. Katika simu za miaka ya karibuni unaweza kuifuta. Mwambie mwanao akufanyie, ni kazi ya dakika moja, na umlipe kwa dua.

Jambo la pili linahusu ule ugomvi wa kila Ramadhani. Nyumba moja, simu tatu, adhana tatu. Ya baba inaadhini alfajiri, ya kijana inasubiri, na ya bibi bado imelala, na daku iko mezani. Mwaka jana kijana mmoja aliniambia programu ya baba yake "imeharibika". Haikuharibika. Alfajiri huhesabiwa kwa kipimo cha jua liko digrii ngapi chini ya upeo wa macho, na taasisi zimetofautiana. Muslim World League wanatumia digrii 18, mamlaka ya Misri 19.5, Umm al-Qura ya Makka 18.5, na wenzetu wa ISNA huko Marekani Kaskazini 15. Programu nyingi zimekuja na chaguo lililowekwa na mtengenezaji, na watu hawaligusi. Hapa kwetu, tofauti ya 15 na 19.5 inakaribia dakika ishirini. Dakika ishirini za daku si mchezo! Kadhalika alasiri: ukikuta imechelewa kwa karibu saa nzima kuliko ya msikitini, angalia kama haikuwekwa kwenye madhehebu ya Hanafi, ilhali wengi wetu tunafuata Shafi. Dawa ni kuuliza imamu wa msikiti wako anatumia kipimo gani, ukakiweka hicho hicho, ili nyumba ifunge pamoja na mtaa.

Nalisema hili kwa sababu nimeona vijana wakimsahihisha muadhini kwa simu. Muadhini ni mzee, ameadhini miaka zaidi ya thelathini, na kijana anamwonyesha kioo. Mwanangu, kioo hicho hakijaliona jua. Kimehesabu tu, kwa chaguo alilolifanya mtu ambaye huenda hajawahi kukanyaga Afrika.

Wala sisemi programu zote ni mtego. Zipo zilizotengenezwa na Waislamu kwa kutafuta radhi za Allah, hazina matangazo, na maandishi yake ya ndani yamewekwa hadharani ili yeyote mwenye ujuzi ayakague. Quran for Android ni mfano mmoja ninaoujua na ninaoupendekeza kwa kusoma msahafu. Hiyo ni bure ya sadaka. Ile nyingine ni bure ya chambo. Vijana wangu wenye kusomea kompyuta nawaambia kila mara: tuna mafundi wa kutosha katika Afrika Mashariki na Kati kutengeneza programu ya adhana ya Kiswahili, yenye miji yetu midogo ambayo wakubwa hawaijui, isiyomuuliza mtu anakaa wapi. Hesabu zake zinajulikana, vitabu vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa chini na wafadhili wachache wa kumlisha akiwa kazini. Tunachangia zulia la msikiti, na zulia ni jema. Na hili lingekuwa sadaka yenye kuendelea.

Limebaki la kibla, maana programu za kibla nazo zinaomba ruhusa ile ile, na dira ya simu ukiiweka karibu na bati au nondo za ukuta inapotea njia. Kutoka Bujumbura, kibla ni kama digrii 22 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Lakini kuna njia isiyohitaji hata digrii. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 27 au 28 Mei na tarehe 15 au 16 Julai, jua hupita juu kabisa ya Makka wakati wa adhuhuri ya huko. Dakika hiyo, popote ulipo duniani unapoliona jua, ukilielekea umeelekea al-Kaaba. Kwa saa za Burundi na Rwanda ni saa 5 na dakika 18 asubuhi ile ya Mei, na saa 5 na dakika 27 ile ya Julai. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda, ongeza saa moja. Unasimamisha kijiti wima, unachora mstari kufuata kivuli, na kibla ni kule kivuli kinakotoka, kuelekea jua. Kivuli hapa kwetu kitakuwa kama nusu ya urefu wa kijiti, kwa hiyo kinaonekana vizuri.

Darasa letu hulifanya zoezi hili uwanjani kila mwaka mawingu yakituruhusu. Wazazi mnakaribishwa, na wenye nyumba mpya hasa, ili mpate mstari wa kuchora sebuleni. Njooni na kijiti kilichonyooka na chokaa kidogo. Saa tutaiangalia kwenye simu.